Chini ya Mia Tano

Jumatatu, 3 Machi
Mvua imeanza leo, na leo hii wametangaza mkuu mpya wa maabara. Si mimi. Ni kijana mwenye shahada mbili aliyekuja mwaka juzi, ambaye mimi ndiye niliyemwonyesha choo kilipo. Maabara hii niliingia miaka kumi na tisa iliyopita nikiwa mwosha chupa. Nimeosha chupa miaka minne. Nikasoma cheti jioni, nikasoma stashahada jioni, na jioni zote hizo nilikuwa na mtoto, ama tumboni ama mgongoni. Hakuna aliyenishika mkono. Leo nimempigia makofi kama wenzangu. Makofi matatu, nimeyahesabu.

Ijumaa, 7 Machi
Mashine mpya imefika. Ya zamani imesukumwa koridoni na kufunikwa shuka kama maiti. Aliyepelekwa semina ya siku tatu kujifunza hiyo mpya ni Shahada. Jina hilo nilimpa mimi mbele ya Mama Pacha wa mapokezi, na kufika saa sita jengo zima lilikuwa linamwita hivyo.

Kazi niliyopewa mimi ni ya karani: kuhamishia fomu za majibu kwenye kompyuta ya mashine mpya. Fomu hizo nilizitengeneza mwenyewe miaka sita iliyopita, zote thelathini na moja, na mpaka leo daktari hajawahi kulalamika kwamba hazisomeki. Nimezihamisha kwa dakika arobaini bila kukosea herufi. Shahada amepita akatia sahihi, akaniwekea kijitabu cha mashine mezani, akasema, dada, tafadhali kipitie. Nimekitia kwenye droo ya chini. Aliyekwenda semina ndiye asome.

Jumatatu, 10 Machi
Mashine imeanza kazi. Kontroli zote zimepita, yaani ile damu ya majaribio inayokuja na mashine, ambayo jibu lake tunalijua kabla ya kuipima. Mvua.

Jumatano, 12 Machi
Jioni wifi yangu amenitania mbele ya watoto. Ni mdogo wake mume wangu, ni msusi, anakaa chumba chetu cha nyuma tangu alipoachika, na ulimi wake haujawahi kupata likizo. Alisema watoto wasishike glasi kabla mama yao hajanawa, maana mama yao ni mpima mikojo.

Nikamwambia leo sijagusa mkojo, leo nimepima D-dimer nne. Akauliza hiyo ni nini, nguo? Ikabidi nieleze, na nikieleza kazi yangu huwa nasahau kununa. Damu ikiganda ndani ya mshipa, mwili huanza kulimega lile bonge, na vipande vyake vinaelea kwenye damu. Sisi tunavihesabu vile vipande. Vikiwa vingi, haimaanishi lazima una bonge, unaweza kuwa mzee, mjamzito au umetoka kupasuliwa. Utapelekwa kwenye picha ndipo ijulikane. Lakini vikiwa vichache, na daktari amekupima akaona dalili ni ndogo, bonge hamna, nenda nyumbani. Hapo ndipo faida ilipo. Mashine ya picha ya mishipa ya kifua iko hospitali kubwa, saa mbili kwa gari. Bila kipimo chetu wangepelekwa wote.

Akauliza, vichache ni vingapi? Nikamwambia chini ya mia tano. Akasema basi na wateja wake wanaomlipa kwa wakati ni vipande vichache, hana bonge. Hata mume wangu alicheka.

Alhamisi, 20 Machi
Wifi ameteleza kwenye ngazi za saluni, zimeota ukungu kwa mvua. Kifundo cha mguu wa kulia kimevunjika. Amefungwa plasta mpaka chini ya goti, wiki sita. Amemwambia daktari aikate mapema kwa sababu ana bibi harusi Jumamosi. Anasuka akiwa amekaa sasa, mteja anakaa chini kwenye mkeka.

Jumatatu, 24 Machi
Mvua. Umeme umekatika mara tatu. Shahada anaandika kila kitu kwenye vikaratasi vya njano na kuvibandika kila mahali, hata kwenye friji. Mama Pacha anasema siku moja atambandika mke wake.

Ijumaa, 28 Machi
Leo amekuja fundi vigae, miaka thelathini na minane, mguu wa kushoto umevimba kidogo baada ya safari ya saa kumi na nne. Nilipokuwa namtoa damu alikuwa anagonga sakafu yetu kwa kisigino, huku akisikiliza. Akasema, aliyepiga vigae hapa alikuwa na haraka, hivi vitatu chini ya kiti chako vitupu, havina saruji ndani. Nikagonga mwenyewe baada ya kuondoka kwake. Kweli, vinalia kama debe. Miaka kumi na tisa navikanyaga.

Jibu lake 460. Daktari wa dharura amemruhusu. Alipita dirishani kuniaga, amefurahi.

Alhamisi, 3 Aprili
Hakuna jipya. Mvua siku ya nne mfululizo.

Alhamisi, 10 Aprili
Wifi amelalamika kifua kinamchoma akivuta pumzi ndefu. Nimekuja naye kazini. Daktari wa dharura, mwanamke mrefu ambaye sijawahi kumwona amekaa, alimpima, akamuuliza kama mguu unauma ndani ya plasta. Wifi akasema hata kidogo. Daktari akasema dalili ni ndogo, tupime D-dimer tuondoe wasiwasi.

Nimeipima mwenyewe. 410. Nimeitoa fomu yangu kwenye printa, nikaipeleka kwa mikono yangu miwili kama sinia. Chini ya mia tano, nikamwambia, huna bonge, una domo tu. Akanijibu kwamba leo kwa mara ya kwanza amefaidi kuwa na wifi mpima mikojo. Akarudi saluni kwa magongo.

Nakiri nilijisikia vizuri. Nyumbani kwao hawakutaka mume wangu anioe, binti wa mwosha chupa ambaye naye anaosha chupa. Leo mtoto wao amesubiri neno langu.

Jumatatu, 14 Aprili
Kuna kitu hakijakaa sawa. Mimi huwa nahesabu, sihesabu kwa kuambiwa, ni ugonjwa wangu. Kwenye daftari langu nina kila D-dimer ya miaka mitatu, na kwa mashine ya zamani, katika watu kumi, sita walikuwa chini ya kikomo. Mwezi baada ya mwezi, sita. Masika, kiangazi, sita.

Tangu mashine hii ije tumepima themanini na wanane. Walio chini ni sabini na wawili. Hiyo ni nane katika kumi.

Watu hawawezi kuwa wazima ghafla kwa sababu tumenunua mashine.

Jumanne, 15 Aprili
Nimemweleza Shahada. Nimemfungulia daftari. Amelitazama kwa heshima, hilo namkubalia, kisha akasema kontroli zinapita kila asubuhi. Labda, akasema, madaktari wanatuletea watu wasio na dalili yoyote ili kujiridhisha tu. Nikamwambia nane katika kumi. Akasema, dada, tuendelee kufuatilia.

Tufuatilie. Nimetoka pale nikiwa nimeshapanga. Nitalichukua daftari langu, nitalipeleka kwa Mganga Mkuu, nitaliweka mezani, na nitamwacha yeye aulize nani alikwenda semina. Usiku mzima uliopita nilikuwa nimekosa usingizi kwa wasiwasi. Leo najiona nitalala fofofo.

Jumatano, 16 Aprili
Naandika kwa vipande.

Asubuhi, kabla sijatoka, nilimwona wifi anapanda ngazi zetu tatu za nyuma. Alisimama kwenye ya pili. Nikamuuliza vipi, akasema anaangalia mvua. Mvua ilikuwa nyuma yake.

Nilitembea na picha ile mpaka kazini. Saa tatu nikafungua friji ya dawa nikitafuta kitu kingine, nikaona sanduku la vipimo vya mashine ya zamani. Vimebaki viwili, muda wake unaisha mwisho wa mwezi huu. Nikavitazama. Vipimo viwili, na mashine iko koridoni chini ya shuka.

Sikuomba ruhusa. Nilivuta shuka, nikaiwasha, nikasubiri ipate joto. Nusu saa. Umeme ukakatika, jenereta ikachukua, nikaanza upya nusu saa nyingine. Mama Pacha akapita akasema, shoga, umemfufua marehemu?

Kwa kipimo cha kwanza nilichukua damu ya mgonjwa wa leo, mzee mmoja, ambaye mashine mpya imempa 190. Ya zamani ikampa 385.

Nikakaa kwenye kiti. Mara mbili, na kidogo juu. Moja inaweza kuwa bahati mbaya. Namba moja si kitu.

Kilibaki kipimo kimoja tu, na nilijua nitakitumia kwa nani tangu nilipovuta lile shuka. Tunahifadhi damu iliyochujwa siku saba kwenye friza. Nikaitoa ya wifi. Iliyeyuka mkononi mwangu. Mashine mpya ilisema 410.

Ya zamani imesema 830.

Sijui nilifikaje mezani kwa Shahada. Nilimwekea karatasi mbili bila salamu. Alizisoma, akazirudia. Kisha akauliza swali moja kwa sauti ya chini: fomu inayotoka kwenda kwa madaktari inasema kikomo ni ngapi? Nikamwambia mia tano, kama siku zote. Akasema mashine hii inahesabu vipande kwa namna nyingine, namba yake ni nusu ya ile ya zamani. Kikomo chake ni mia mbili na hamsini.

Ndiyo maana kontroli zilipita. Mashine haikukosea siku hata moja. Namba zote zilikuwa sahihi, zimewekwa tu kando ya kikomo kisicho chao.

Nikapiga simu ya wifi. Inaita, haipokelewi. Tena. Tena. Shahada akaniambia nenda, mimi nampigia daktari wa dharura. Nilikimbia na koti la maabara kwenye mvua, dakika kumi, maji yamefika kifundoni.

Alikuwa saluni amekaa juu ya stuli, plasta imenyooshwa mbele, mteja chini kwenye mkeka, nusu kichwa kimesukwa. Midomo yake ilikuwa na rangi ya majivu. Alikuwa anavuta pumzi fupifupi kama mtu anayepuliza uji, na vidole bado vinasuka.

"Wifi, inuka twende."

"Nimebakiza mistari minne."

"Inuka."

"Si ulisema sina bonge?"

Nilimshika kwapani, na mteja, Mungu ambariki, aliinuka na nywele zake nusu akamshika upande wa pili. Kwenye gari la kukodi wifi akaniambia mguu ulikuwa unauma ndani ya plasta tangu wiki ya pili. Hakusema kwa daktari kwa sababu wangemzuia kufanya kazi. Aliniambia kwa siri, kama vile bado kuna wa kumficha.

Daktari wa dharura alimchoma sindano ya kuzuia damu kuganda hapohapo, bila kungoja picha. Barabara ya kwenda hospitali kubwa imekatwa na maji. Gari la wagonjwa limepita njia ya kuzunguka, saa nne badala ya mbili. Mume wangu ameondoka naye. Mimi nilitaka kupanda. Nilishaweka mguu mmoja ndani. Shahada akaja akiwa na orodha mkononi, akanionyesha.

Tumepima watu tisini na wanne. Chini ya mia mbili na hamsini, hamsini na sita. Hao ni salama kweli, ni sita katika kumi zangu zilezile. Juu ya mia tano, kumi na saba. Hao walipelekwa kwenye picha. Katikati wamebaki ishirini na mmoja, ambao tuliwaambia waende nyumbani.

Nikashusha mguu.

Alhamisi, 17 Aprili
Mume wangu amepiga saa mbili asubuhi. Picha imetoka. Mabonge mawili kwenye pafu la kulia. Yuko kwenye oksijeni. Anapumua. Daktari wa kule amesema angeendelea hivyo siku mbili zaidi, asingemwahidi mtu chochote.

Toa wifi, wamebaki ishirini. Leo nimepiga simu kumi na moja. Nawaambia kuna kipimo tunataka kurudia, waje leo, wasingoje. Wengine wanafurahi wakidhani tunawajali sana.

Ijumaa, 18 Aprili
Watano wengine wamepatikana. Jumla kumi na sita. Bibi mmoja ana bonge pajani. Anaanza dawa leo.

Jumamosi, 19 Aprili
Wawili zaidi, kupitia ndugu zao. Wifi ametolewa oksijeni. Ujumbe wake wa kwanza kwangu: mwambie yule mteja asifumue, nikirudi namalizia.

Jumapili, 20 Aprili
Nimewaza mno. Shahada ndiye aliyekwenda semina. Shahada ndiye aliyetia sahihi. Kesho kutwa nitampelekea Mganga Mkuu daftari.

Jumanne, 22 Aprili
Wa kumi na tisa amepatikana, mwalimu, bonge kwenye mguu. Watatu sasa, pamoja na wifi.

Mchana nilitafuta stepla, nikavuta droo ya chini. Kijitabu cha mashine kilikuwa pale nilipokitupa. Nikakifungua ili nimwonyeshe Mganga Mkuu kwamba kikomo kiliandikwa humo na mtu wa semina hakukiona. Nilikuwa nimeshatunga sentensi.

Ukurasa wa kumi na mbili kuna kikaratasi cha njano.

"Dada, D-dimer kwenye mashine hii kikomo ni 250, si 500. Tafadhali badilisha kwenye fomu yako. Nyingine zote ziko sawa."

Tarehe 7 Machi. Mwandiko wake.

Nimekisoma nimesimama. Nikaketi, nikakisoma tena. Fomu yako, ameandika. Yangu. Dakika arobaini, bila kukosea herufi.

Jambo linalonisumbua zaidi ya yote ni kwamba wiki nzima hii hakulisema. Mbele ya daktari wa dharura alisema, "Sahihi ni yangu." Mbele ya mume wangu alisema, "Sahihi ni yangu." Nami nilikuwa nimesimama pembeni nikitikisa kichwa kama mtu aliyeonewa.

Jumatano, 23 Aprili
Nimekunja kikaratasi mfukoni. Hakuna mwingine anayejua kipo. Mvua haikatiki.

Alhamisi, 24 Aprili
Kikao kwa Mganga Mkuu saa nne. Saa tatu na nusu nilimkuta Shahada koridoni, amesimama kando ya mashine ya zamani, amenyoa vizuri kama anakwenda mahakamani. Nikamwonyesha kikaratasi. Nikamuuliza kwa nini hakusema.

Alikitazama. Akasema kikaratasi si kauli. Alipaswa kunifuata mezani aniambie kwa mdomo, na kabla ya kutia sahihi asome alichokitilia sahihi.

"Sasa kwa nini hukunifuata?"

"Nilikuwa nakuogopa, dada. Siku ile ulikuwa hujanisalimia tangu Jumatatu."

Ni kweli. Nilikuwa sijamsalimia siku tano, nilizihesabu, na nilijivunia kila moja.

Ndani, Mganga Mkuu alisoma taarifa yote, kisha akauliza nani anawajibika. Shahada akaanza na ile sentensi yake. Nilimwacha afike kwenye neno "sahihi", nikatoa kikaratasi nikakiweka mezani, nikakinyoosha kwa kucha kwa sababu kilikuwa kimejikunja. Nikasema fomu niliiandika mimi, kijitabu niliwekewa mezani, nikakitia kwenye droo kwa hasira ya cheo. Mganga Mkuu akaniuliza kama naelewa ninachokisema. Nikamwambia naelewa, wifi yangu ni namba kumi na nane kwenye orodha hiyo.

Onyo la maandishi kwa wote wawili. Yeye anabaki mkuu. Mimi naondolewa kwenye mashine miezi mitatu, nitakaa dirisha la kutoa damu. Kuanzia leo hakuna fomu inayobadilishwa bila watu wawili kuisoma kwa sauti, mmoja kijitabu, mwingine fomu. Hilo la sauti lilitoka kwangu, na Shahada aliliandika kwenye kikaratasi cha njano.

Jumamosi, 26 Aprili
Wifi amerudi nyumbani. Nilimweleza yote akiwa kitandani, sikuacha hata droo. Kisha akasema, "Wewe hukusoma kijitabu kwa kununa, mimi sikusema habari ya mguu kwa ubishi. Kaka yangu ameoa pabaya na amezaliwa pabaya." Akageukia ukutani. Sijui kama amenisamehe. Baadaye aliniita nimletee maji, akayanywa bila kuuliza kama nimenawa.

Jumatatu, 28 Aprili
Amebaki mmoja. Ni fundi vigae wa tarehe 28 Machi. 460. Anuani imeandikwa "mjini". Namba yake ya simu ina tarakimu tisa badala ya kumi. Siku ile foleni ilikuwa ndefu, na Mama Pacha, aliyeiandika, tangu juzi analia kila akiitazama.

Shahada amesema tumejaribu vya kutosha, tutoe tangazo ukutani. Limetolewa. Lakini fundi haji hospitali kusoma kuta.

Nimekaa na ile namba mchana wote. Tarakimu nne za mwanzo ni za kampuni ya simu, hizo ziko sawa. Zinabaki tano ambazo zilipaswa kuwa sita. Tarakimu iliyodondoka inaweza kuwa yoyote kati ya kumi, na ilidondoka mahali popote kati ya sita. Sitini. Ukitoa tano zinazojirudia, hamsini na tano.

Watu hamsini na tano. Mmoja wao ana bonge mguuni, au alikuwa nalo.

Jumanne, 29 Aprili
Simu tatu saa ya chakula. Siwezi kusema habari ya mgonjwa kwa mtu nisiyemjua, kwa hiyo nauliza tu: naongea na fundi wa vigae? Wa kwanza alikata. Wa pili ni mchungaji. Wa tatu alisema si fundi, lakini kama kazi ipo ataijaribu.

Ijumaa, 2 Mei
Namba kumi na tatu. Mwanamke alipokea, akaniuliza mimi ni nani kwa mume wake na mbona nampigia mchana. Nikasema hospitali. Akasema wote huwa wanasema hospitali.

Jumanne, 6 Mei
Kumi na tisa. Tano hazipo hewani, nazirudia kila asubuhi.

Ijumaa, 9 Mei
Ishirini na nane. Naogopa atakayepokea asiwe yeye, awe kaka yake, sauti nzito, aulize nani anamtafuta marehemu.

Jumatatu, 12 Mei
Shahada amekuja dirishani saa ya chakula na kiti. Ameketi, ameomba nusu ya orodha. Nimemwambia orodha ni yangu. Akaniuliza kama nimekula. Sikuwa nimekula. Akaenda akaleta, akaketi tena, akawa anafuta namba kwa rula kila nilipokata simu. Ana mistari iliyonyooka sana.

Jumatano, 14 Mei
Thelathini na saba. Mvua imepungua, ni manyunyu.

Ijumaa, 16 Mei
Leo jua limetoka. Namba ya arobaini na tatu, saa saba na dakika tano. Nilikuwa nimesimama dirishani, Shahada na rula yake kitini.

"Naongea na fundi wa vigae?"

Upande wa pili nyundo ilikuwa inagonga taratibu, kisha ikaacha.

"Ni mimi. Nani mwenzangu?"

Nikasema maabara ya hospitali. Akacheka akasema, ile yenye vigae vitatu vitupu. Shahada aliinuka akanisukumia kiti, nikakikataa. Nikamuuliza habari ya mguu wa kushoto. Akasema huo siku hizi hauingii kwenye buti, amelichana buti kwa kisu na kazi inakwenda. Na pumzi? Akipanda ngazi, akasema, anapumzika katikati, uzee huo.

"Lakini si mlisema niko salama?"

"Tulisema. Aliyeandika ni mimi, na nilikosea. Niambie uko wapi, usitembee, gari linakufuata sasa hivi."

Akanitajia mtaa. Shahada akauandika, akatoka mbio. Fundi akaniuliza kama anaweza kwanza kumalizia safu aliyoianza, vimebaki vigae vinne tu na saruji itakauka.

Nikamwambia hapana. Nikamwambia aweke nyundo chini, nataka kuisikia.

Kisha nikaisikia ikigusa sakafu.

Gari limeondoka dakika kumi zilizopita. Nimemwambia asikate simu, na hajakata. Anapumua, nami nahesabu.